Mgeni Katika Hoteli za Chai za Lafey

Msafiri aliyezoea kutua mzigo wake na kuuliza ilipo baa, afikapo Lafey katika Kaunti ya Mandera hana budi kubadili desturi. Wenyeji ni Wasomali Waislamu, na pombe haina mahali kwao. Badala ya baa ipo hoteli ya chai, nayo ndiyo baraza ya watu: humo husikilizwa habari za mvua, za bei ya ngamia na za njia ya Elwak.

Aingiaye huwaamkia wote pamoja, "Assalamu alaykum," kisha huketi. Chai huja na iliki na sukari tele, na mara nyingi maziwa yake ni ya ngamia. Maziwa hayo huwa na harufu ya moshi, hata wageni wengine hukunja uso wakidhani yameungua. Sivyo. Vyombo hufukizwa makusudi kwa makaa ya miti, ili maziwa yasiharibike upesi katika joto lile.

Chakula huliwa kwa mkono wa kuume. Maji ya kunawa yasimwagwe ovyo, maana tangu mwisho wa 2020 hata 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Adhana ikilia, mgeni na angoje bila kugongagonga meza. Mwuza chai akiwa mwanamke, mgeni asitangulie kumpa mkono. Mchana wa Ramadhani haifai kula wala kuvuta sigara mbele ya waliofunga. Tena picha zisipigwe bila ruhusa, kwani mpaka wa Somalia u karibu na watu wana hadhari.

Hadhari hiyo ina sababu. Mwezi wa Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao walimu. Tangu hapo wako wasemao kwamba mgeni hana rafiki upande ule, na maneno hayo si ya haki. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine liliposhambuliwa karibu na Elwak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016.

Basi mgeni asishangae akikuta chai yake imekwisha kulipwa na bwana wa meza ya pili, wala asibishane naye. Kesho yake na awahi mapema, alipe kabla bwana yule hajaingia.