Askari wa Nani? Msamiati wa Utii katika Maasi ya Januari 1964

Barabara itokayo Lindi kwenda kusini hugawanyika Mingoyo: mkono mmoja huelekea Mtwara, mwingine hupanda Mtama na Nyangao hadi Masasi na Nachingwea. Njia hii imezoea vishindo vya majeshi. Mwaka 1917 majeshi ya Uingereza yaliyotua Lindi yalipita Mingoyo yakiwafuata Wajerumani, na mwezi Oktoba pande hizo mbili zikapambana vikali huko Mahiwa. Waliopigana walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Upande wa Mwingereza walikuwamo Wanijeria na Keya, kama wenyeji walivyolitamka jina la King's African Rifles; upande wa pili walikuwapo askari wa Mjerumani. Baadhi ya hao wa mwisho, walipotekwa, waliandikishwa katika Keya, wakaunda sehemu kubwa ya kikosi cha sita.

Badiliko hilo halikuhitaji neno jipya. Askari, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja kazi, halitaji bwana. Bwana hutajwa na kile kiambishi kidogo cha a-unganifu: askari wa Mjerumani, wa Mwingereza, wa serikali. Utii wote umo ndani ya silabi hiyo moja, nayo hubadilishwa kwa urahisi mno.

Kikosi hichohicho cha sita ndicho kilichogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles wakati wa Uhuru mwaka 1961. Jina lilibadilika, maofisa waliobaki walikuwa Waingereza karibu wote, na kambi ziliendelea kuitwa Colito na Kalewa, yaani mahali pa mapigano ya Vita Kuu ya Pili, moja Ethiopia na jingine Burma. Je, mtu aliyelala Colito na kuamrishwa na ofisa wa Kiingereza alikuwa askari wa nani?

Jibu lilikuja usiku wa kuamkia 20 Januari 1964. Askari wa Colito waliwafungia maofisa wao, wakaingia Dar es Salaam na kushika Ikulu, kituo cha redio na uwanja wa ndege. Mji ulikuwa na ulinzi hafifu, kwa kuwa polisi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kupelekwa Zanzibar. Rais Nyerere na Makamu wake Kawawa walifichwa. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Siku iliyofuata Tabora nayo iliasi, kisha kombania iliyokuwa Nachingwea, juu ya barabara ile ya Mingoyo.

Madai yao yalikuwa mawili: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi. Kwa madai hayo tukio lingeweza kuitwa mgomo, kama walivyogoma makuli wa bandari mwaka 1947. Lingeweza pia kuitwa mapinduzi. Siku nane tu kabla yake, tarehe 12 Januari, Zanzibar ilikuwa imelitwaa neno hilo, lenye taswira ya chombo kilichopinduliwa, na kulifanya la fahari.

Lililodumu ni maasi. Hili si neno tulivu. Katika lugha ya dini maasi ni dhambi ya kumkaidi Mungu, na mtoto aliyeasi wazazi hana radhi. Anayesema maasi amekwisha kuamua kwamba palikuwapo utii halali uliovunjwa. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, maana askari hao, kwa ushahidi wa madai yao, hawakutaka kutawala. Lakini kwa siku tano hakuna aliyeweza kusema kwa yakini nani anatawala. Kulaumu mshahara peke yake, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi, ni kusahau hofu hiyo.

Alfajiri ya 25 Januari wanamaji wa Uingereza, walioombwa na Serikali, walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Jeshi likavunjwa. Baada ya kikao cha dharura cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kilichofanyika Dar es Salaam mwezi Februari, batalioni ya Nigeria ikaja kushika zamu ya Waingereza: Wanijeria tena, miaka 47 baada ya Mahiwa, safari hii bila vita.

Jeshi jipya lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na hapa a-unganifu ilipata mwenyewe mpya: Jeshi la Wananchi. Colito ikawa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliishinda safu ya Wajerumani mwaka 1891. Lakini mkubwa wa jeshini huitwa afande hadi leo, neno la Kituruki lililopitia Misri na Sudani, na lililokwisha kutumiwa na askari wa Mjerumani.