Damu ya Mkojo Ikikoma

Hapa Kamalondo haipiti juma nisiulizwe, "Dokta, damu imekwisha kukoma, ya nini tena kunipima?", na aghalabu muulizaji amekwisha kunywa chupa nzima ya maji ya mizizi, au amemeza kapsuli za antibiotiki alizouziwa mojamoja sokoni, na kwa kuwa mkojo uliokuwa mwekundu umerudi rangi yake ya asili, sifa zote humwendea muuzaji.

Itikadi hii, kwamba damu ikikoma basi mtu amepona, ni batili, tena ni ya hatari. Uvimbe wa saratani katika kibofu huweza kutoa damu siku mbili pasipo maumivu, ukanyamaza miezi kadhaa bila ya dawa yoyote, kisha ukarejea umekwisha kupenya nyama ya kibofu. Na kichocho, ambacho minyoo wake waligunduliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851, kina tabia iyo hiyo, kwani minyoo huishi miaka katika mishipa ya damu, na mayai yao yenye mwiba huchoma ukuta wa kibofu, leo damu ikaonekana, kesho isionekane. Aliyekunywa mizizi na asiyekunywa kitu, wote wawili damu huwakoma. Sasa mizizi imetibu nini? Antibiotiki nazo huua bakteria, wala haziui mnyoo, haziyeyushi jiwe la figo, hazigusi saratani; na kichocho kilichoachwa miaka mingi chenyewe huweza kuzaa saratani ya kibofu.

Basi mkojo upimwe. Kijiti cha maabara hubadilika rangi hata kwa hemoglobini iliyomwagika katika malaria kali, kwa hiyo lazima chembe nyekundu zenyewe zionekane kwa darubini. Rifampisini ya kifua kikuu hutia mkojo wekundu usio damu. Damu ya matone ya mwisho huelekeza kwenye kibofu. Mkojo wa kahawia wenye protini, kwenye figo. Mwenye selimundu aseme mapema, kwani nayo huweza kutia damu mkojoni. Kwa kichocho, leta mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, pamoja na matone ya mwisho, ndipo mayai huwa mengi. Mayai yakionekana, prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na dozi irudiwe baada ya majuma kadhaa, maana dawa hiyo haiui minyoo wachanga. Yasipoonekana, ekografia. Aliyepita miaka 40, hasa mvuta sigara, kibofu chake kitazamwe ndani kwa kamera, ijapokuwa damu aliiona mara moja tu.