Kupima Miguu ya Watoto Kabla ya Kununua Viatu

Mzazi wa Nyandira au Kinole ashukapo Morogoro siku ya soko, huwa na haja nyingi za kutimiza kabla ya gari la kurudi. Sharti auze mboga au ndizi zake, anunue chumvi, sabuni na mafuta, tena huenda ikawa ni siku ya kununua viatu vya mtoto wa shule. Mtoto mwenyewe hayupo. Amebaki mlimani, maana fedha ya nauli yatosha mtu mmoja tu. Basi mzazi husimama mbele ya viatu vilivyotandazwa chini, hushika kimoja, hukipima kwa shibiri, hukumbuka kimo cha mwanawe. Mwuzaji humwuliza, "Ana umri gani?" Hujibu, "Miaka minane." Hupewa viatu vya miaka minane, naye kwa hadhari huomba namba mbili tatu zaidi, akisema, "Atakua navyo."

Hatumlaumu mzazi huyo. Ijapokuwa shule za msingi za Serikali hazitozi ada, sare na viatu vimebaki juu ya mzazi, na jozi moja ya viatu ni mikungu mingi ya ndizi iliyoteremshwa kichwani. Walakini twapenda kuonyesha ya kwamba kiatu kikubwa kupita kiasi hakiokoi fedha, na ya kwamba katika milima yetu kiatu kisichomwenea mtoto humdhuru kuliko ambavyo kingemdhuru katika nchi tambarare.

Mji wa Morogoro uko kama meta 500 juu ya bahari, na vilele vya Uluguru vyapita meta 2,600. Katikati ya hapo ndipo wakaapo watu wengi wa milimani, na njia za watoto kwenda shule ni za kupanda na kushuka, nyembamba, zenye mawe, na wakati wa masika huteleza kama sabuni. Mtu ashukapo mteremko, uzito wa mwili huusukuma mguu mbele ndani ya kiatu. Kiatu kikiwa kifupi, vidole hugonga ncha yake kwa kila hatua, na baada ya siku chache kucha za vidole gumba hugeuka nyeusi, au huota zikiingia nyamani. Kiatu kikiwa kikubwa mno hasara ni ile ile, maana mguu huteleza ndani yake mpaka vidole vigonge vile vile. Kisha mtoto apandapo, kisigino huinuka na kushuka, ngozi ikasuguliwa mpaka likatoka lengelenge. Hivyo mwenye kiatu kikubwa huumia mbele akishuka na nyuma akipanda. Wengine hutia matambara ndani ya ncha ya kiatu. Dawa hiyo huzuia kiatu kuvuka, lakini mahali pa kiatu panapokunjika hapalingani tena na mahali pa mguu panapokunjika, na mtoto hutembea kama aliyefungwa ubao.

Apitaye njia hizo asubuhi ataona watoto wameshika viatu vyao mkononi, wakivivaa karibu na shule. Wengine hufanya hivyo ili viatu visiingie tope, nalo ni jambo la busara. Lakini mwalimu mwenye macho na aulize, maana wako wanaovivua kwa maumivu nao huona haya kusema.

Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Mguu wa mtoto mdogo bado una sehemu nyingi za gegedu, yaani kitu laini kama kile cha sikio, ambacho hugeuka kuwa mfupa polepole kwa miaka mingi. Kitu laini hukubali kukunjwa. Ndiyo sababu mtoto aweza kuvaa kiatu chenye kumbana kwa miezi mizima pasipo kulia, na vidole vyake vikafuata umbo la kiatu badala ya kiatu kufuata umbo la vidole. Kwa hiyo kumwuliza tu, "Vyakubana?" hakutoshi, hasa mtoto aliyengojea viatu tangu mavuno. Atajibu kwamba havimbani hata machozi yakimtoka, asije akanyang'anywa.

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi huongezeka urefu kiasi cha sentimeta moja kwa mwaka, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo. Wa mtoto wa miaka miwili mitatu hukua upesi kuliko huo. Basi nafasi ya sentimeta moja na kitu mbele ya vidole ni akiba ya karibu mwaka mmoja. Zaidi ya hapo si akiba tena. Kiatu kikubwa huburutwa, kisigino chake hukanyagwa kikalala, na soli huisha upande. Hata siku kitakapomwenea mtoto, ndiyo siku kitakapokuwa kimekwisha.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalifikiri, nalo ni upana. Mtoto aliyekulia akitembea miguu mitupu, vidole vyake vimetanuka, na sehemu ya mbele ya mguu ni pana. Mwaka 1905 tabibu mmoja wa Marekani, jina lake Hoffmann, alitoa habari za uchunguzi wake wa miguu ya watu wasiovaa viatu, akaonyesha ya kuwa miguu yao ilidumu na umbo lile lile la utotoni, ambalo wavaa viatu hulipoteza. Basi umbo hilo si ila, bali ndilo umbo la asili. Mzazi aonapo kiatu chambana mtoto ubavuni hutaka namba kubwa zaidi, akidhani dosari ni urefu, kumbe ni upana. Akapata kiatu kirefu kama mtumbwi ambacho bado chabana. Dawa yake ni kutafuta kiatu cha ncha ya mviringo, wala si namba nyingine ya kiatu chembamba kile kile.

Mtu aweza kusema, ikiwa mguu mtupu ndio mguu mzuri, kwa nini tuwavishe watoto viatu? Twajibu kwamba ardhi yetu ina adui zake. Safura huingia mwilini kwa ngozi ya unyayo katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, nao minyoo wake hufyonza damu tumboni. Funza nao wajulikana na kila mtu, ijapokuwa si wenyeji wa Afrika: asili yao ni Amerika ya Kusini, wakafika pwani ya Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazili, na kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamekwisha kuvuka bara zima hata pwani ya mashariki. Juu ya hayo yako mawe, miiba na vigae vya chupa. Kiatu ni kinga, nasi twakitaka kwa kazi hiyo. Hakimfundishi mtoto kutembea, wala hakiupi mguu nguvu. Huko Uhindi, katika uchunguzi wa watoto 2,300 uliotolewa mwaka 1992, waliovaa viatu walionekana kuwa na nyayo bapa 8.6 katika kila mia, na wasiovaa 2.8 tu, na waliodhurika zaidi ni wenye viatu vilivyofunika vidole, kuliko wenye ndara na kandambili. Kwa hiyo mtoto arudipo nyumbani, uani pakiwa pamefagiwa na hapana funza, na aachwe avue.

Sasa twaeleza kipimo chenyewe. Hakitaki chombo cha fedha. Chukua karatasi mbili za daftari uziweke sakafuni karibu na ukuta. Mtoto na asimame juu yake kwa miguu yote miwili, visigino vikigusa ukuta. Asikae kitini, maana mguu ubebao mwili hurefuka na kutanuka kuliko mguu unaoning'inia. Kazi hii yafaa kufanywa jioni, kwa kuwa baada ya mwendo wa kutwa miguu huvimba kidogo. Na ikiwa atavaa soksi shuleni, azivae pia akipimwa. Shika kalamu wima kabisa, wala usiilaze, uzungushe mguu wote. Kisha pima urefu toka kisigino mpaka ncha ya kidole kilicho mbele kupita vyote. Si lazima kiwe kidole gumba. Watu wengi wana kidole cha pili kirefu kuliko hicho. Fanya hivyo mguu wa kuume na wa kushoto, kwa sababu miguu ya mtu hailingani sawasawa, ukafuate ule mkubwa.

Juu ya urefu huo ongeza sentimeta moja na robo hivi, yaani kama upana wa kidole kimoja cha mtu mzima, ambao wazee wetu waliuita wanda. Kata kijiti chembamba, au ukanda wa karatasi ngumu, kwa urefu huo wote. Kijiti hiki ndicho kitakachoshuka Morogoro badala ya mtoto. Mbele ya mwuzaji kitie ndani ya kiatu, kilale chini toka kisigino hata ncha. Kikijipinda, kiatu ni kifupi. Kikicheza mbele na nyuma kwa zaidi ya nusu wanda, ni kirefu mno. Kisha chukua ile picha ya mguu, ikate kwa mkasi, uiweke chini ya soli ya kiatu. Karatasi ikitokeza sana ubavuni, kiatu ni chembamba, kiache. Kiatu chenye soli ya ndani ya kutolewa ni rahisi zaidi, maana waweza kuitoa ukaweka karatasi juu yake.

Habari ya namba yahitaji maneno machache, kwa kuwa huchanganya watu, hasa katika viatu vya mtumba. Namba za Ulaya huhesabiwa hivi: kila namba 3 ni sentimeta 2. Kwa hiyo chukua urefu wa kijiti chako kwa sentimeta, uzidishe kwa 3, ugawanye kwa 2. Mguu wa sentimeta 20, pamoja na nafasi yake, ni sentimeta 21 na robo. Tafuta namba 32. Namba za Kiingereza hufuata punje ya shayiri, ambayo ni theluthi ya inchi, nazo za watoto hufika 13 kisha huanza tena 1. Basi mtu asishangae kuona namba 1 ni kubwa kuliko namba 13. Za Marekani zina hesabu yake tena. Na hata viatu vyenye namba moja havilingani, kila kiwanda kikiwa na kalibu yake. Namba ni shahidi tu. Mwamuzi ni kijiti.

Kwa njia za mlimani chagua kiatu chenye kamba au bizimu juu ya mguu. Kikifungwa imara hapo, mguu hushikwa nyuma wakati wa kushuka na vidole havigongi. Kiatu cha kutumbukiza hakina mshiko huo hata kikiwa cha ngozi nzuri. Cha mtumba kitazame kisigino chake kwa nyuma: kikiwa kimelika upande mmoja, kimekwisha kuzoea mwendo wa mtu mwingine, nacho kitampeleka mtoto wako upande huo.

Ni ajabu kidogo ya kwamba kiatu kidharauliwacho kupita vyote, yaani kile cha mpira wa gurudumu la gari, aghalabu ndicho pekee kinachopimwa. Fundi humsimamisha mteja juu ya mpira au karatasi, akachora unyayo wake, akakata kama ulivyo. Hakizuii funza wote kwa kuwa ki wazi, lakini mtoto aliyekatiwa viatu hivyo hushuka Kinole kwa amani kuliko mwenziwe mwenye viatu vyeusi vya kung'aa visivyomwenea.

Morogoro yenyewe ina kumbukumbu ya kitu kilichojengwa kwa kipimo cha mbali. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kiliasisiwa hapo kiwanda cha viatu. Kilikusudiwa kutoa viatu milioni 4, na robo tatu yake viuzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini pasipo njia za kupitisha hewa, ingawa jua la Morogoro lajulikana. Kazi yake haikupita asilimia 4 ya nguvu zake, na mwaka 1990 kikasimama kabisa.

Kwa waalimu twatoa shauri moja. Chora mstari juu ya sakafu ya darasa toka ukutani, uugawe kwa sentimeta, na siku za kwanza za muhula kila mtoto apimwe, kipimo chake kiandikwe katika kipande cha karatasi apeleke nyumbani. Darasa zima la watoto 50 humalizika kabla ya mapumziko, nao watajifunza hesabu ya kuzidisha na kugawanya kwa miguu yao wenyewe. Wenyeviti wa vijiji nao waweza kulitaja jambo hili katika mkutano. Lakini mtoto asiye na viatu asirudishwe nyumbani kwa ajili hiyo. Mzazi atakayeharakishwa ndiye atakayenunua kwa kukisia.

Ile karatasi yenye picha ya mguu isitupwe. Iandikwe jina na tarehe, ihifadhiwe pamoja na vyeti vya mtoto, na kila likizo asimame juu yake tena. Nafasi mbele ya vidole ikipungua ikawa chini ya nusu wanda, viatu vyaweza kupewa mdogo wake, naye apimwe kwanza.