Jembe Lako Limetoka Wapi?

Ndugu msomaji, chukua jembe lako ulitazame. Soma jina au alama iliyogongwa juu yake. Limetengenezwa wapi? Hapa Ipinda tunalishika kila msimu wa mpunga, lakini wengi wetu hatujui safari yake.

Zamani jembe la Mnyakyusa lilitoka kwa Wakinga, juu ya Milima ya Livingstone. Wakinga walikuwa wahunzi hodari. Walichukua mawe yenye chuma, wakayatia katika tanuri pamoja na makaa ya miti, wakavukuta mivuo mpaka chuma kikaachana na taka. Kisha wakakifua. Walishuka na majembe na mikuki, wakabadilishana na Wanyakyusa kwa chakula na mifugo. Kazi ilikuwa nzito, nayo ilikula miti mingi. Lakini jiwe, moto na fundi, vyote vilikuwa vya hapa.

Uingereza nako walianza na makaa ya miti. Mwaka 1709 Abraham Darby aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza. Mwaka 1856 Henry Bessemer alieleza njia ya kupata chuma cha pua upesi, kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma cha pua kikawa rahisi. Wakati wa ukoloni majembe ya viwanda vya Ulaya yakafika kwetu kwa meli. Tanuri za milimani zikapoa. Bei peke yake ina nguvu ya kuzima moto.

Baada ya Uhuru Serikali ilitaka jembe litengenezwe nchini. Kiwanda cha UFI kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Baadaye Mbeya ikapata kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK. Lakini angalia tofauti, ndugu. Mkinga alianza na jiwe. Kiwanda kilianza na chuma cha pua kilichonunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa haba, na viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini ya uwezo wake. Ubinafsishaji ulipokuja, ZZK nayo iliuzwa, ikaacha kutengeneza majembe.

Mtu atasema jembe la nje ni rahisi. Ni kweli, siku ya kulinunua. Ukilinunua tena baada ya msimu mmoja, hesabu inabadilika. Wahunzi wa vijijini hufua majembe kwa springi chakavu za magari, na mimi nayaamini hayo kuliko bati jembamba lenye rangi nzuri.

Upande wa pili wa milima ile tunayoiona kutoka hapa, wilayani Ludewa, kuna chuma cha Liganga. Karibu yake kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma. Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, ndilo lililopewa kazi ya kuviendeleza. Darby naye alikuwa na chuma na makaa ya mawe mahali pamoja.