UZI: Je, serikali inaweza kufunga kanisa? Tuliyoyaona Kwale wakati wa korona

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia huku Kusini, lazima atokee mtu jukwaani aseme: "Hawa ndio waliofunga makanisa yenu!" Mwingine anajibu: "Tuliokoa maisha yenu!" Watu wanapiga makofi, hakuna anayeeleza. Mwaka 2020 mimi nilikuwa katibu wa kanisa dogo hapa Ukunda. Sitaji mtu wala chama. Tuelezane tu, taratibu.

2/ Kumbukumbu kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa 13 Machi 2020. Machi 22 ibada za pamoja zikasimamishwa, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15 wa familia. Kafyu ikaanza Machi 27. Sisi tunaovuka feri ya Likoni tunaikumbuka alasiri ile kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, watu wakikimbilia makwao. Aprili 8 Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka.

3/ Hoja ya kwanza: "Walilenga Wakristo." Hapana. Pasaka yetu, Aprili 12, tulisali nyumbani. Mwezi wa Mei majirani zangu wakaswali Idd nyumbani. Kwale wengi ni Waislamu, na kufuli lililokuwa kwenye mlango wetu lilikuwa kwenye mlango wao pia. Anayekuambia vingine anatafuta kura.

4/ Hoja ya pili: "Uhuru wa kuabudu hauguswi." Someni Katiba ya 2010. Kifungu cha 32 kinakupa uhuru wa dini na wa kuabudu pamoja na wenzako. Lakini kifungu cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa, kama vile kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Kuabudu haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hivyo inaweza kuwekewa mipaka.

5/ Lakini si kiholela! Kifungu cha 24 kinadai mpaka uwekwe na sheria, uwe na sababu ya maana, na kusiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Tamko la runinga peke yake halitoshi. Ndiyo maana kanuni za korona ziliegemezwa kwenye Sheria ya Afya ya Umma. Na kuhusu kafyu, Mahakama Kuu ilisema Aprili 2020: kafyu yenyewe ni halali, nguvu kupita kiasi za polisi si halali. Yaani amri inaweza kuwa sawa na utekelezaji wake ukawa mbovu. Hayo ni maswali mawili, msikubali yachanganywe.

6/ Hoja ya tatu: "Mbona soko lilikuwa wazi?" Sokoni unanunua nyanya na kuondoka, tena juu kuna hewa. Kanisani tunakaa saa tatu, tumebanana, tunaimba kwa sauti. Machi 10, 2020 huko Skagit, jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walienda mazoezi ya kwaya. Walioambukizwa, kwa uhakika au kwa kukisiwa, walikuwa 53, na 2 wakafa. Hatari ilikuwa ya kweli, jamani.

7/ Hapa sasa ndipo lawama ina uzito. Mwisho wa Aprili 2020 mikahawa iliruhusiwa kufungua kwa masharti. Makanisa yakasubiri hadi Julai, tena kwa watu 100, saa moja, na wasiwe chini ya miaka 13 wala zaidi ya 58. Akina mama waliobeba mawe ya msingi wa kanisa letu ndio nilioambiwa niwazuie mlangoni. Nikawazuia. Mmoja aliniuliza, "Mwanangu, na mkahawani pia wananiuliza umri?" Sikuwa na jibu.

8/ Halafu siasa. Mei ile tulimzika shangazi yangu kule Msambweni. Tulikuwa 15. Wenzake wa kwaya walisimama ng'ambo ya barabara wakaimba kutoka kule. Nilikubali, manake niliamini sote tunabeba mzigo mmoja. Novemba 4 mikutano ya kisiasa ikapigwa marufuku kwa siku 60. Uchaguzi mdogo wa Msambweni ulikuwa Desemba 15, ndani ya siku hizo hizo. Na kampeni tuliziona kwa macho: watu wamebanana, barakoa kidevuni, pande zote. Siku hiyo nililia kuliko siku ya mazishi.

9/ "Tanzania hawakufunga." Kweli, ng'ambo ya Lunga Lunga makanisa na misikiti iliendelea. Lakini Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa kwa muda mrefu kuanzia 2020. Huwezi kulinganisha nchi mbili wakati moja haihesabu. Anayesema "na hawakufa" hana daftari. Anayesema "walikufa wengi kuliko sisi" naye hana.

10/ Kuna mfano mwingine. Novemba 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia jimbo la New York kuweka kikomo cha watu 10 au 25 kwenye nyumba za ibada katika maeneo yenye maambukizi mengi, manake biashara nyingi jirani hazikubanwa vile. Shida kubwa haikuwa kwamba kanisa limewekewa mpaka. Ilikuwa kwamba limewekewa mpaka mkali kuliko duka.

11/ Sisi wenyewe tuligawanyika. Wengine walishika Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika. Wengine Warumi 13, kutii mamlaka. Mchungaji wetu alihubiri kwa simu kwa wenye bando. Wasio na bando, wengi wao wafanyakazi wa hoteli za Diani waliorudishwa nyumbani, tuliwapelekea unga mlangoni na kuomba nao tukiwa nje. Sijui kama ile si ibada.

12/ Basi mwanasiasa akija tena na hoja hii, msipige makofi wala kuzomea. Muulizeni:
– Kwa sheria gani?
– Kulikuwa na njia nyepesi zaidi?
– Nani mwingine alibanwa hivyo hivyo?
– Na wewe, mkutano wako ulikuwa na watu wangapi?

La mwisho ndilo langu. Bado nasubiri jibu. Kama na nyinyi mlizika watu 15, andikeni hapa chini, tukumbukane.