Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Siri za Kuundwa kwa Asterix

Bila shaka unaikumbuka ile katuni niliyoibandika kwenye ubao wa matangazo wa chama chetu muhula wa kwanza, ile ya sungura aliyegombea ukiranja wa bweni. Mlicheka hadi mbavu zikawauma, nami nikafura kama andazi kwenye mafuta moto. Chini ya karatasi ile kulikuwa na jina moja tu: langu. Lo! Hamkujua kwamba hadithi yenyewe pamoja na kila mzaha uliowachekesha vilitungwa na mwenzangu tunayeketi naye dawati moja. Mimi nilichora tu. Alipoiona hakusema neno, akarudi zake darasani. Tangu siku hiyo hakunipa hadithi nyingine, na sungura wetu akafia papo hapo.

Nilidhani ni wivu. Kumbe ujinga ulikuwa wangu! Macho yangu yalifunguka nilipochunguza jinsi vitabu vya Asterix vilivyoundwa. Navyo ni vile vya maktaba yetu ambavyo majalada yamechakaa kwa kung'ang'aniwa. Hebu nikupakulie nilichokipata.

Kwa asiyemjua, Asterix ni kijibaba kifupi chenye masharubu makubwa. Anaishi katika kijiji kimoja cha Wagauli, mwaka wa 50 kabla ya Kristo. Nchi yote imetekwa na Warumi wa Julius Caesar isipokuwa kijiji hicho, maana wenyeji wana dawa ya kienyeji inayowapa nguvu za ajabu. Rafiki yake ni Obelix, pande la mtu aliyetumbukia katika chungu cha dawa hiyo alipokuwa mtoto.

Wazazi wa Asterix walikuwa wawili. René Goscinny alizaliwa Paris mwaka wa 1926 akalelewa Buenos Aires, kule Ajentina. Albert Uderzo alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1927, wazazi wake wakiwa wametoka Italia. Uderzo alizaliwa na vidole sita katika kila mkono, vya ziada vikaondolewa akiwa mdogo. Isitoshe, macho yake yalichanganya nyekundu na kijani! Mchoraji asiyezitambua rangi vyema! Basi alijitahidi sana katika michoro ya wino mweusi, na kazi ya kutia rangi akasaidiwa na wengine. Goscinny naye pia alikuwa mchoraji, lakini baadaye aliiacha kalamu ya kuchorea akashika ile ya kuandikia. Walikutana Paris mwaka wa 1951.

Hapa ndipo pananihusu mimi. Siku hizo mtunzi wa hadithi za katuni hakuthaminiwa. Mchoraji ndiye aliyeonekana mwenye kazi. Aliyebuni maneno alikuwa kama mpishi anayesahauliwa jikoni wageni wakisifu sahani. Mwaka wa 1956 Goscinny na wenzake walijaribu kuungana kudai haki za watunzi na wachoraji. Waliokuwa wamewaajiri hawakufurahi. Goscinny akafutwa kazi. Je, Uderzo aliyekuwa mchoraji alifanyaje? Hakusema, "Shauri yake." Naye aliondoka.

Mwaka wa 1959 walishiriki kuanzisha gazeti la vijana liitwalo Pilote. Walikusudia kuchora hadithi za mbweha mjanja wa masimulizi ya kale ya Wafaransa, lakini wakagundua kuwa kuna mchoraji mwingine aliyekwisha kuzianza. Muda umeyoyoma, gazeti linasubiri! Wakaketi nyumbani kwa Uderzo, huko Bobigny karibu na Paris. Goscinny akamwomba mwenzake amtajie vipindi vya historia ya Ufaransa kuanzia mwanzo. Walipofika kwa Wagauli wakasema, naam, hapa hapa! Toleo la kwanza la Pilote lilitoka tarehe 29 Oktoba 1959, Asterix akiwa ndani.

Usidhani walikubaliana kwa kila jambo. Uderzo alitaka shujaa awe jitu lenye misuli. Goscinny akakataa katakata: alitaka mtu mdogo mwenye akili. Uderzo akachora mdogo kama alivyoombwa, kisha akampenyeza jitu lake pembeni. Huyo ndiye Obelix! Kuhusu mahali pa kijiji, Goscinny alitaka kitu kimoja tu, bahari iwe karibu ili mashujaa waweze kusafiri. Uderzo akachagua pwani ya Bretagne, aliyoijua tangu miaka ya vita.

Na utaratibu wa kazi je? Goscinny alipiga chapa hadithi nzima, akieleza kila kisanduku: nani yuko wapi, anafanya nini, anasema nini. Ndipo Uderzo akashika kalamu. Majina nayo ni mzaha mtupu. Ya wanaume wa Kigauli huishia na "ix", kwa kuwa chifu wao wa kweli aliyepambana na Caesar aliitwa Vercingetorix. Ya Warumi huishia na "us".

Hata wasomaji walitia mkono. Katika safari moja, Uderzo alichora kijibwa kinachowafuata mashujaa kimya kimya kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kilipendwa mno, na Pilote ikawaomba wasomaji wakipe jina. Kikaitwa Idéfix. Katika vitabu vya Kiingereza kinaitwa Dogmatix.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1961, nakala 6,000 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Baadaye viliuzwa kwa mamilioni.

Kisha likaja pigo. Tarehe 5 Novemba 1977, Goscinny alikwenda kupimwa moyo kwa daktari, akafariki papo hapo akiwa na miaka 51. Wakati huo Uderzo alikuwa katikati ya kuchora hadithi ya Asterix huko Ubelgiji. Ukipata kitabu hicho, kilichotoka mwaka wa 1979, litazame anga. Mwanzoni ni jeupe. Halafu mawingu ya kijivu yanatanda na mvua inanyesha. Hivyo ndivyo Uderzo alivyomlilia rafiki yake.

Baadaye alitunga na kuchora peke yake kwa miaka mingi, hadi wengine walipopokea kazi hiyo katika kitabu cha mwaka wa 2013. Yeye alifariki mwaka wa 2020. Lakini ajabu ni hii: hata katika vile vitabu alivyovitunga peke yake, jalada liliendelea kubeba jina la Goscinny, tena likitangulia lake!

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mtu anatunza jina la mwenzake aliyelala kaburini, nami nimelifuta la jirani yangu wa dawati aliye hai! Jioni ile, kabla kengele ya masomo haijalia, nilimwendea nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akatoa daftari chini ya dawati. Kumbe hadithi ya pili ya sungura alikuwa ameshaiandika kitambo.

Basi msomaji, sungura atarudi ubaoni muhula ujao. Ukishacheka, tazama chini ya karatasi. Utaona majina mawili, na la kwanza si langu.