Juu ya Video Zinazokataa Kuonekana: Ugomvi wa Programu katika Kompyuta ya Mwanalugha

Mtafiti wa lugha arudipo kutoka safarini na video za wazee aliozungumza nao, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kuzifungua katika kompyuta yake ili aanze kunakili maneno. Hapo ndipo yanapotokea mambo ya kutatanisha. Sauti yasikika lakini picha ni nyeusi tupu. Au picha yatangulia na sauti yabaki nyuma. Au programu yajifunga ghafla bila ya kutoa sababu. Mtafiti hukata shauri kwamba rekodi imeharibika. Faili hilo hilo likipelekwa katika kompyuta ya mwenziwe, laonekana sawasawa tangu mwanzo hata mwisho.

Makala haya yaeleza sababu ya jambo hilo na namna ya kuitafuta bila ya kuigusa rekodi yenyewe. Sharti hilo la kutoigusa rekodi ndilo kubwa kuliko yote. Wengi waonapo picha nyeusi hukimbilia kuligeuza faili kuwa la namna nyingine, kisha hulifuta lile la asili ili wapate nafasi. Kugeuza kwa namna hiyo aghalabu huifinya upya picha iliyokwisha finywa, na kila mara kuna kinachopotea: mdomo wa msemaji hupungua ukali, kidole kinachoonyesha huwa ukungu. Wala picha si pambo. Asomaye nakala ya maneno peke yake hawezi kujua kama "pale" ya msemaji ilielekea kisimani au mlangoni. Ni mkono wa msemaji uelezao. Kwa lahaja kama Chimwiini ya Barawa, ambayo wasemaji wake wengi walitawanyika katika nchi za mbali baada ya vita vya Somalia vilivyoanza mwaka 1991, rekodi ya mzee aliyekwisha fariki haina badala yake.

Yapasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo neno "faili" huyachanganya. MP4, AVI, MOV na MKV ni majina ya makasha tu, na jina la kasha halitoshi kueleza kilichomo. Picha iliyo katika kasha la MP4 yaweza kuwa imefumbwa kwa kanuni ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, au kwa H.265, iliyotolewa mwaka 2013, na kwa nje makasha hayo mawili hayana tofauti. Programu ndogo inayofumba na kufumbua huitwa kodeki. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa shina moja latoa tendo na kauli yake ya kutendua, fumba na fumbua, kama ziba na zibua. Na aliyezoea mafumbo ya washairi hahitaji kuambiwa kwamba mfumbuaji asiyeijua kanuni ya mfumbaji hatapata kitu.

Si kompyuta zote za Windows zilizo na mfumbuaji wa H.265, ilhali simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa kanuni hiyo. Huo bado si ugomvi, ni upungufu. Lakini ndio mlango ambao ugomvi hupitia. Mtafiti hutafuta dawa, huambiwa aweke fungu la kodeki lililokusanya wafumbuaji wa kila namna, naye huliweka. Video ya H.265 yaonekana. Baada ya wiki moja zile za zamani, ambazo hazikuwa na shida yoyote, zaanza kutoa picha ya kijani.

Ili kufahamu jambo hili lazima kuujua utaratibu wa Windows uitwao DirectShow, uliobuniwa katika miaka ya 1990 na ambao hata leo watumiwa na programu nyingi. Programu inayotaka kuonyesha video kwa njia hiyo huomba mfumbuaji. DirectShow hutazama orodha ya wafumbuaji waliosajiliwa katika kompyuta, kila mmoja na nambari ya cheo chake. Mwenye cheo cha juu hujaribiwa kwanza, na akisema kwamba aijua kanuni ya picha ile, hupewa kazi. Cheo hicho hakitolewi na mwamuzi yeyote. Mtengenezaji wa mfumbuaji hujiandikia mwenyewe, mithili ya baraza ambalo kila mgeni huja na kiti chake na kukiweka mbele ya wenyeji. Basi programu ya kucheza diski za DVD, au ya kuhariri picha za kamera, yaweza kusajili mfumbuaji wa cheo cha juu. Na tangu saa ile programu nyingine zote zinazopita njia hiyo hupata mfumbuaji mpya pasipo kuulizwa. Programu ikiondolewa vibaya, jina la mfumbuaji wake laweza kubaki katika orodha ingawa mwenyewe hayupo.

Kuna mambo mawili yazidishayo mkanganyo. La kwanza ni kwamba programu ya biti 64 haiwezi kumchukua mfumbuaji wa biti 32 na kumtumia ndani yake, wala ya biti 32 kumtumia wa biti 64; kwa hiyo kompyuta moja ina orodha mbili, na mtu aweza kuitengeneza moja akashangaa kwamba hakuna kilichobadilika. La pili ni kwamba tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2007, upo utaratibu mwingine kando ya ule wa kwanza, uitwao Media Foundation. Programu mbili zilizo katika kompyuta moja, zikifungua faili moja, zaweza kupita njia mbili zisizokutana.

Wanalugha huathiriwa na mambo haya kuliko watazamaji wa kawaida, na sababu yake ni ELAN. Programu hii ya kunakili na kufafanua rekodi, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, Uholanzi, kwa kawaida haifumbui video yenyewe, bali huikabidhi kazi hiyo mifumo iliyomo katika kompyuta. Hivyo huurithi kila ugomvi uliomo. VLC, kwa upande mwingine, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, hubeba wafumbuaji wake yenyewe wala haitegemei orodha ile ya vyeo. Tofauti hiyo yatoa kipimo cha kwanza: video ikionekana vizuri katika VLC na kukataa katika ELAN, basi kuna dalili kubwa kwamba rekodi ni nzima na kwamba kasoro iko katika njia ya kuifumbua. Ushahidi huo si wa mwisho, kwa kuwa VLC ina huruma nyingi na huonyesha hata mafaili yenye majeraha. Lakini mara nyingi watosha kumtuliza mtu asifute kitu.

Ugomvi wa kadi ya picha waweza kuelezwa kwa ufupi zaidi. Kompyuta nyingi hupeleka kazi ya kufumbua kwa kadi hiyo ili kuipunguzia mzigo chipu kuu, na draiva yake ikisasishwa au ikikosana na programu, picha huwa nyeusi au ya kijani huku sauti ikiendelea. Dawa ya kujaribu ni kuzima msaada huo wa kadi katika mipangilio ya programu. Kwa sauti, Windows huruhusu programu moja kukishika chombo cha sauti peke yake na kuzinyima nyingine. Na maadamu programu nyingi za video hupima wakati kwa mwendo wa sauti, sauti ikizuiwa hata picha yaweza kusimama. Programu ya kurekodi iliyosahauliwa ikiwa wazi imewahangaisha wengi kwa namna hii.

Sasa namna ya kuchunguza. Kabla ya jambo lolote, rekodi ya asili inakiliwe mahali pengine na ipigiwe hesabu ya SHA-256, ambayo hutoa alama 64 za kulitambulisha faili. Zikirudi zile zile baada ya siku, mtafiti ajua kwamba faili halikubadilika. Kisha video ifunguliwe katika VLC. Isipofunguka humo wala katika kompyuta nyingine, huenda ugonjwa ni mwingine kabisa: kamera nyingi huandika fahirisi ya kasha la MP4 mwishoni mwa kurekodi, na betri ikikatika kabla ya hapo, picha zimo lakini hakuna programu ya kawaida iwezayo kuzipata. Huo si ugomvi wa programu, na kuondoa kodeki hakutasaidia kitu.

Ikifunguka katika VLC, swali lenye faida kuliko mengine ni hili: ilianza lini, na siku hiyo kuliwekwa nini? Mara nyingi jibu hupatikana hapo. Lisipopatikana, katika ELAN mtafiti aweza kuchagua mfumo mwingine wa kuchezea video, na mara nyingine kazi yake huishia hapo. Njia ndefu ni kuiwasha Windows bila ya programu zisizo za lazima, na kuona kama kasoro imetoweka. Ikitoweka, programu zilizozimwa hurudishwa nusu nusu: zikiwa 16 na mwenye kosa ni mmoja, majaribio manne yatosha kumpata. Lakini ugomvi huhitaji wawili. Huenda programu ya kwanza haina neno ikiwa peke yake, wala ya pili, na kasoro ikaonekana zikiwashwa pamoja tu; kwa hiyo nusu zote mbili zikionekana safi, mtu asidhani amekosea kuhesabu. Hapo aiwashe nusu moja yote, na kuiongezea programu za nusu ya pili moja baada ya moja.

Upo ugomvi mbaya kuliko huu wa picha nyeusi, nao ni ule usioonekana. Video yacheza, lakini wakati wake si sahihi. Picha za kanuni hizi hazikuhifadhiwa nzima nzima; nyingi huhifadhi mabadiliko tu, na ili kufika sekunde fulani mfumbuaji hurudi nyuma hadi picha iliyo kamili, kisha huhesabu kwenda mbele. Wafumbuaji wengine hutua pale pale palipotakiwa, wengine hutua karibu. Katika video ya picha 25 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 40, na kukosea picha tatu ni milisekunde 120, muda uwezao kumeza silabi nzima. Kadhalika, programu ikiichukulia video ya picha 29.97 kwa sekunde kuwa ya 30, mwisho wa saa moja itakuwa imeachana na sauti kwa sekunde 3.6 hivi. Mtafiti aliyeweka mipaka ya maneno kwa mfumbuaji mmoja, kisha akaendelea kwa mwingine, aweza kuwa na mipaka ya namna mbili katika nakala moja bila ya kujua.

Kwa ajili hiyo yafaa kuandika katika daftari la utafiti ni programu gani iliyotumika, toleo lake, na mfumo gani wa kuchezea video ndani yake. Yafaa pia kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa rekodi na jingine mwishoni. Makofi hayo huonekana katika picha na katika mchoro wa mawimbi ya sauti. Tofauti kati ya viwili hivyo ikiwa ni ile ile mwanzoni na mwishoni, sauti imechelewa tu, na husogezwa kwa kiasi hicho. Ikiwa imekua, kasi ndiyo iliyosomwa vibaya, na kusogeza hakutaiponya.